Msituambie tufungue moyo wakati mlango wa kliniki umefungwa

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, huku kwetu mambo yanakuwaga mazuri. Hema linasimamishwa, viti vya plastiki vinapangwa, fulana zinagawiwa. Vijana wa drama wanaigiza mlevi anayepepesuka, watoto wanacheka mpaka wanaanguka. Halafu mgeni rasmi anachukua maikrofoni na kusema: "Ndugu zangu, msikae na mawazo moyoni. Fungukeni. Tafuteni msaada." Tunapiga makofi. Soda inapita. Picha zinapigwa.

Tarehe 11 Oktoba, mtu aliyesikia yale maneno na kuyaamini anatoka kwenda kutafuta huo msaada. Anaambiwa arudi siku ya kliniki. Siku ya kliniki anaambiwa dawa zimeisha. Siku nyingine anaambiwa anayejua lugha yake hayupo leo. Hapo ndo hadithi inaishia, na hakuna anayeipiga picha.

Naandika hii kusema jambo moja, na nitalisema bila kuzunguka. Kumwambia mtu afunguke mahali ambapo hakuna dawa, hakuna wa kumsikiliza kwa lugha yake, na hakuna kitanda cha kumlaza anapotetemeka kwa kukosa pombe, huko si kumsaidia. Ni kumdanganya. Na mtu aliyekusanya nguvu zake zote mara moja akaenda kuomba msaada, akarudi mikono mitupu, harudi tena mara ya pili. Wewe wa shirika utaandika kwenye ripoti kwamba "jamii ina unyanyapaa, haitafuti huduma." Hapana. Jamii ilitafuta. Ilikuta kufuli.

Tuanze na majina, kwa sababu kuna watu wanadhani sisi hatujui haya magonjwa. Tunayajua. Wakongomani tukisema fulani "ana mawazo", hatusemi kwamba ana akili nyingi. Tunasema halali, hali, anakaa nje ya nyumba tangu asubuhi anaangalia chini, ukimsalimia anajibu kama mtu aliye mbali. Tukisema "kichwa kimeharibika" tunajua ni kitu kingine, cha kusikia sauti na kuongea na watu wasioonekana. Tunajua kifafa. Na kumbuka, hapa Uganda mgonjwa wa kifafa mara nyingi anatibiwa kwenye kliniki hiyo hiyo ya afya ya akili. Kwa hiyo kliniki ikilala, na yeye analala njaa ya dawa. Mlevi peke yake ndiye hatuna jina la ugonjwa wake. Tuna matusi tu.

Je, ni wengi? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu yake kwa watu wanaoishi kwenye maeneo yaliyopitiwa na vita: kati ya watu 100, kama 22 wana tatizo la afya ya akili, na kama 5 kati ya hao wana tatizo zito. Chukua kijiji cha watu 1,000 uhesabu mwenyewe. Ni watu 220 hivi, na 50 wako katika hali nzito. Watu 50! Hao wangejaza basi la kwenda Kampala mpaka wengine wasimame. Kama watu 50 kwenye kijiji kimoja wangekuwa na kipindupindu, kesho asubuhi tungeona magari, mahema na klorini. Hawa 50 wakipata kitu, wanapata fulana.

Sasa tufuate njia ya mgonjwa. Simsemi mtu fulani, nasema njia ambayo wengi wetu tumeipita na mama, na kaka, au sisi wenyewe.

VHT anamwona mtu nyumbani, anamwandikia aende kituo cha afya. Mtu anatembea. Anafika, anakuta foleni ya malaria na ya watoto wenye homa. Musawo wa zamu ana wagonjwa kuliko saa alizo nazo. Anamwangalia, haoni kidonda, haoni homa, anamwambia "mtu wa akili anakuja siku ya kliniki." Siku ya kliniki ni moja kwa mwezi. Hebu niulize: nani amewahi kumwambia mwenye malaria arudi mwisho wa mwezi?

Tuseme siku imefika na mtaalamu amekuja. Yeye anaongea Kiingereza na Runyankole. Mgonjwa anaongea Kiswahili cha Kivu, au Kinyabwisha, au Kifuliiru. Mkalimani ni nani? Ni yeyote anayepita. Ni askari wa getini. Ni mtoto wa jirani aliye likizo. Mama aliyefanyiwa unyama njiani anatakiwa aeleze mambo ambayo hajamwambia hata mume wake, na anayeyatafsiri ni kijana ambaye jioni atakuwa amekaa na wenzake kwenye kibanda cha simu. Kisha tunashangaa kwa nini mama anasema, "Ni kichwa tu kinaniuma," anapewa panadol, anakwenda zake.

Tuseme hata hilo limepita na ameandikiwa dawa. Kwenye dirisha la dawa anaambiwa "zimeisha, ujaribu mwezi ujao." Mliozoea kuandika neno "upungufu" kwenye ripoti, ngoja niwaeleze upungufu una maana gani nyumbani. Fenobabito, dawa ya kifafa, ni kati ya dawa za zamani na za bei rahisi kabisa duniani. Lakini mtu aliyeizoea akiiacha ghafla, degedege linarudi, wakati mwingine kwa nguvu kuliko mwanzo, na linaweza kufuatana bila kukatika mpaka mtu afe. Na sisi tunapika chini, kwenye mafiga. Mwenye kifafa akianguka, anaangukia wapi? Ukiona binti mwenye kovu la moto usoni, usiulize ana laana gani. Uliza dawa ziliisha mwezi gani.

Kwa anayesikia sauti ni hivyo hivyo. Alikuwa ametulia miezi minne, analima, anateka maji. Dawa zikakosekana. Baada ya muda anaanza kuzunguka usiku na kugonga milango. Majirani wanaogopa, familia inaogopa kwamba atapigwa na watu wenye hasira, basi wanamfunga kamba kwenye mti. Anapita mfanyakazi wa haki za binadamu, anawahubiria ile familia kwamba kumfunga mtu ni ukatili. Ni kweli, ni ukatili. Lakini kamba inaanza pale dawa inapoishia. Kama una uchungu na kamba, lete dawa.

Wapo watakaosema kuna rufaa. Iko. Kuna hospitali ya rufaa Mbarara, na kuna Butabika kule Kampala, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyojengwa mwaka 1955. Huko kuna wataalamu wa kweli na wanafanya kazi ya kweli. Lakini kulazwa huko kunataka mtu wa kumuuguza, wa kupika na kufua. Mama akienda kumuuguza mtoto mmoja, watoto wanne waliobaki nani anawalisha? Na akikosa siku ya uhakiki wa majina, nani atamrudisha kwenye orodha? Rufaa bila nauli na bila mtu wa kubaki nyumbani ni karatasi tu.

Na msituambie kwamba sheria haijafika. Sera ya afya ya Uganda iliweka afya ya akili ndani ya huduma za msingi za lazima tangu mwaka 1999. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilikuja kuondoa ile ya zamani ya wakati wa ukoloni, ya mwaka 1938, na inataka huduma hii ipatikane mpaka kwenye vituo vya afya vya chini. Ahadi ina zaidi ya miaka 20. Kuna vijana kwenye kundi letu ambao ni wadogo kuliko hiyo ahadi.

Sasa pombe. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo wakubwa wa kambi, wachungaji, mashirika na sisi vijana wote tunaimba wimbo mmoja: "Ni tabia. Aache tu."

Aache tu. Haya, nitawaeleza "aache tu" ina nini ndani yake. Mwili uliozoea pombe kali kila siku kwa miaka umejipanga kuishi nayo. Ukiinyima ghafla, ndani ya siku moja mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakimbia. Siku ya kwanza na ya pili mtu anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Siku ya pili mpaka ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa, anaona wadudu na watu wasiokuwepo, homa inapanda, na asipotibiwa anaweza kufa. Hii si tabia. Hii ni hali ya hatari ya kitabibu, na ina matibabu: dawa ya kutuliza inayopimwa na musawo na kupunguzwa kidogo kidogo (si ya kununua dukani na kujimezea), vitamini B1, maji, chakula na mtu wa kumwangalia usiku na mchana kwa siku kadhaa. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Ni kitanda, vidonge na muuguzi aliyefundishwa.

Sisi tunafanyaje? Tunamfungia kwenye chumba cha maombi siku tatu bila kula. Akianza kutetemeka tunasema pepo limeanza kutoka. Akianza kuona vitu tunasema limejionyesha. Sina ugomvi na maombi, nami ninasali. Lakini mfungo wa siku tatu ndio huo muda ambao mwili wake uko kwenye hatari kubwa kuliko wakati wowote, na sisi tumemnyima maji. Mchungaji anayesoma hii, nakuomba kama mtoto wako: mpeleke kwanza kwa musawo, halafu mwombee huko huko akiwa kitandani. Mungu hajawahi kukataa kumsikia mtu kwa sababu ana dripu mkononi.

Njia ya pili ni polisi. Analala mahabusu, anatoka, anakunywa. Ya tatu ni kumtoa kwenye kila orodha. Mafunzo ya ufundi? "Huyu ni mlevi, atauza mashine." Kikundi cha akiba? "Huyu hapana." Kazi ya siku? "Asije." Tukimaliza kumfungia milango yote, unabaki mmoja tu, wa kibanda cha pombe, na huko anakaribishwa kwa jina lake. Halafu tunamuuliza kwa nini anapenda kukaa huko!

Nyumba za msaada wa pombe na dawa za kulevya ziko mbali. Butabika wana kitengo chao, lakini ni Kampala. Za binafsi zipo, kwa mwenye pesa. Huku kijijini, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji Mganda jirani yake vilevile, nionyesheni kitanda kimoja tu cha kumsaidia mtu kuacha pombe kwa usalama. Mimi sijakiona. Na hapa nawaomba wenzangu tusijitenge: mzee Mnyankole wa ng'ambo ya barabara mwenye kijana mlevi analia kilio kilekile. Hili si jambo la wakimbizi peke yao. Ni jambo la watu wa mashambani, na sisi tunaishi mashambani.

Kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Mwaka 2019 Uganda ilipiga marufuku waragi wa vifuko vidogo. Ilikuwa sawa, maana vile vifuko viliuzwa bei ya pipi mpaka watoto wa shule walivificha kwenye soksi. Lakini kilichoondoka ni kifuko. Kiu haikuondoka. Kanyanga haisomi tangazo la serikali, inapikwa nyuma ya nyumba. Na anayeipika mara nyingi ni mama asiye na mume, asiye na shamba la kutosha, ambaye kwa hiyo kanyanga ananunua sabuni na madaftari. Ukimmwagia pipa lake bila kumpa kitu kingine, umeongeza mtu mmoja mwenye mawazo na hujapunguza mlevi hata mmoja.

Nikisema haya kwenye mikutano, napewa majibu matatu. Nitayajibu moja moja.

Jibu la kwanza: "Hakuna wataalamu." Hili linaniuma kuliko yote, na nitasema kwa nini. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Nakivale, hapa hapa Uganda, ndani ya makazi ya wakimbizi. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wakiwa na ugonjwa wa kiwewe cha vita. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa na kusimamiwa. Waliwakalisha watu, wakawasaidia kusimulia maisha yao kwa mpangilio tangu kuzaliwa, na mabaya yote katikati. Baada ya miezi tisa, kati ya 100 waliopata tiba hiyo ya masimulizi, 70 hawakuwa tena na ule ugonjwa. Kati ya 100 waliofuatiliwa tu bila tiba, ni 37.

Soma tena. Nakivale. Wakimbizi kwa wakimbizi. 2008. Dunia nzima ya wasomi inaijua Nakivale kwa sababu ya kazi hiyo, na leo mtu anakaa kwenye kiti Uganda hii hii ananiambia haiwezekani kwa sababu hakuna wataalamu.

Na si hiyo peke yake. Mwaka 2003, Rakai na Masaka, wanakijiji wa kawaida walifundishwa kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye huzuni nzito, na watu walipona kwa wingi kuliko wale wa vijiji visivyokuwa na vikundi. Tena watafiti walianza kwa kuuliza watu wenyewe wanauitaje ugonjwa huo, wakapewa majina ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Zimbabwe, mama na bibi wa mtaani walifundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na ugonjwa wanautibu kwa jina lake la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Si ndiyo yale yale mawazo yetu? Utafiti wao wa mwaka 2016 ulionyesha benchi linafanya kazi. Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini walikuwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2020: mafundisho yalirekodiwa kwa sauti kwa Kiarabu cha Juba, wakayasikiliza kwa vikundi, wakapata nafuu. Shida ya lugha ikatatuliwa kwa spika tu. Na kwa walevi pia iko njia: Goa, India, mwaka 2017, washauri wasio madaktari walizungumza mara chache na wanaume wanaokunywa vibaya, palepale kwenye vituo vya afya vya kawaida. Baada ya miezi mitatu, 36 kati ya 100 walikuwa wametoka kwenye unywaji huo wa hatari, wakati kwa wasiopata mazungumzo walikuwa 26. Si muujiza. Ni watu 10 zaidi kwa kila 100, kwa kazi ya mazungumzo tu.

Kwa hiyo wataalamu wapo. Wamekaa hapa kijijini, wana diploma za uuguzi kutoka Bukavu ambazo hazitambuliwi, wanauza nyanya.

Jibu la pili: "Hakuna pesa." Najua mwaka 2025 ulivyotupiga. Najua mashirika yaliyofunga ofisi na rafiki zetu waliopoteza kazi. Lakini hata pesa zilipokuwepo, hii idara ilikuwa ya mwisho kula. Shirika la Afya Duniani linasema serikali duniani kwa wastani zinatumia kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Si kwamba pesa ziliisha zilipofika kwetu. Hazikuwahi kutumwa upande huu. Na hata kidogo kilichopo kinatumikaje? Semina hotelini mjini, mabango, fulana, siku tatu za "kujenga uwezo" wa watu walewale waliojengwa mwaka jana. Mimi sijui bajeti ya shirika lako, wewe unaijua. Chukua gharama ya tarehe 10 Oktoba peke yake, uigeuze kuwa fenobabito, halafu utuambie imetosha wagonjwa wangapi kwa miezi mingapi. Andika jibu hapa chini, tulisome wote.

Jibu la tatu ndilo zito: "Shida yenu ni njaa, si akili. Mtu akila, mawazo yatakwisha." Kuna ukweli ndani yake na sitaukataa. Mwaka 2025 WFP walitangaza kusitisha msaada kwa wakimbizi 1,000,000 hapa Uganda kwa kukosa fedha. Huwezi kumwambia baba aliyetolewa kwenye orodha avute pumzi polepole na kuhesabu mpaka kumi. Hata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007, ambao mashirika mengi yameusaini, umechora piramidi: chini kabisa usalama na mahitaji ya msingi, juu yake familia na jamii, kisha msaada wa watu waliofundishwa, na juu kabisa matibabu ya wataalamu. Lakini piramidi ni ngazi zote kwa pamoja. Haikuandikwa "chagua moja". Chakula hakitibu degedege, wala hakinyamazishi sauti. Na mtu mwenye mawazo mazito hata umpe mbegu na jembe, hawezi kuamka kulima. Kwa hiyo anayetumia njaa yetu kama sababu ya kutunyima dawa, na kesho anatunyima na chakula, huyo hana hoja.

Na sisi? Sitaki kumaliza kwa kuwasema wengine peke yao. Sisi vijana ndo tunamrekodi mgonjwa wa akili akicheza barabarani na kumweka kwenye status. Sisi ndo tunamwita binti mwenye kifafa mchawi, na hatutaki kunywea kikombe chake, wakati kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kikombe. Sisi ndo tukisikia rafiki anasema "nimechoka kuishi" tunamjibu "acha utoto, kuwa mwanaume." Rafiki akisema hivyo, usimwache peke yake. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, maana kuuliza hakumtii hilo wazo kichwani. Mtafute VHT, mchungaji mwenye busara au mtu mzima mnayemwamini, na mfike kituo cha afya pamoja.

Ila mjue kwa nini watu wanajificha. Sheria ya makosa ya jinai ya Uganda bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Mtu ameokolewa leo, kesho anaogopa polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Mahakama ya jirani imeona kwamba mtu aliyekata tamaa anahitaji daktari, hahitaji hakimu. Na sisi tunangoja nini?

Tunachotaka kinaandikika kwenye karatasi moja:

1. Dawa za kifafa na za afya ya akili zihesabiwe na kuagizwa kama za malaria. Kila mwezi kituo kibandike ukutani zipi zipo na zipi zimeisha, ili tujue kabla ya kutembea.

2. Kliniki iwe kila wiki, na awepo musawo mmoja aliyefundishwa kila siku, hata kama ni muuguzi wa kawaida.

3. Wakimbizi na wenyeji wafundishwe tiba za mazungumzo kama ilivyofanyika Nakivale, wasimamiwe na walipwe mshahara wenye mkataba. Neno "mjitoleaji" kwa mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki tumelichoka.

4. Wakalimani wafundishwe, walipwe, na waape kutunza siri. Mama aweze kuchagua mkalimani mwanamke.

5. Vitanda viwili tu katika kila kituo kikubwa kwa mtu anayeacha pombe, dawa zake ziwepo, na wauguzi wafundishwe kumwangalia.

6. Ulevi usiwe sababu ya kumtoa mtu kwenye mafunzo au msaada. Apewe nafasi pamoja na matibabu, si baada ya kupona.

7. Rufaa iambatane na nauli ya mgonjwa na ya anayemuuguza, na jina la anayeuguza lisiguswe kwenye orodha mpaka arudi.

Hakuna hata kimoja hapo ambacho hakijawahi kufanyika mahali fulani na watu maskini kama sisi.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hii, najua wengine mnalala na mawazo yenu pia, na mikataba yenu inaisha Desemba. Hatuna chuki nanyi. Tunachoomba ni kwamba mkutano ujao wa uratibu, mtu mmoja ainue mkono na kuuliza: dawa ziko? Asikubali kujibiwa "tunaendelea na uhamasishaji."

Kwa vijana wenzangu: tarehe 10 Oktoba ijayo tutaalikwa tena. Twendeni. Soda tunywe. Ila maikrofoni ikifika kwetu, tusiimbe. Tusome hizi namba saba, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja tuulize, "Lini?" Tukishajibiwa tarehe, tuiandike, na siku hiyo ikifika tuwe mlangoni.